Kuongoza Baraza la Mawaziri wakati wa vita na uhaba wa fedha

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kuwa sababu ya kumpiga Idi Amin wa Uganda ipo, nia ipo na uwezo upo. Sababu na nia hutangazwa kwa hotuba. Uwezo huhesabiwa mezani, na hapo ndipo Baraza la Mawaziri linapopata kazi au linaposhindwa.

Punguza wanaoamua mambo ya kila siku. Lloyd George alipoingia madarakani Uingereza Desemba 1916 aliunda baraza la vita la watu 5. Kwetu inatosha kuwa na Rais, Makamu wake, Waziri Mkuu, na mawaziri wa Ulinzi, Fedha, Uchukuzi na Nishati. Waziri wa Fedha asikose kikao hata kimoja: akiletewa uamuzi uliokwisha kupita, atabaki kuchapisha noti, na bei zitapanda kabla askari hajalipwa. Baraza zima likutane kila wiki. Vita ikitangazwa rasmi, Ibara ya 44 ya Katiba inataka Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14. Andaeni hesabu za kupeleka huko mapema.

Kila asubuhi iletwe karatasi moja yenye namba nne: siku za dizeli zilizobaki, siku za chakula, malori yanayotembea, na wiki za fedha za kigeni. Wastani wa nchi nzima hauna maana. Taka hesabu ya kila kituo. Chukulia Mwanza, mwisho wa reli na bandari ya kuvukia kwenda Bukoba. Bohari likiwa na lita 1,500,000, toa kwanza lita 100,000 za chini ya matangi zisizonyonyeka. Kwa matumizi ya lita 100,000 kwa siku, zimebaki siku 14. Lakini treni ya kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, ikihitaji siku 5 njiani na 2 za kupakua, nafasi yenu ya kuamua ni siku 7. Hapa ndipo vikao vingi hujidanganya. Tena mafuta yagawanywe: mwaka 1979 ndege ya Libya ililenga bohari la mafuta la Mwanza, na ni kwa sababu ilikosa tu ndipo mafuta yakasalimika.

Kila uamuzi uandikwe ukiwa na mhusika, kiasi na tarehe, na Katibu Mkuu Kiongozi autoe kwa wizara ndani ya saa 24. Neno "harakisheni" si uamuzi.

Kuchukua malori ya raia ni jambo la kupima sana. Lori linalobeba risasi ni lilelile lililokuwa libebe pamba kutoka Magu na Kwimba, na pamba ndiyo inayoleta dola za kununulia dizeli. Weka kiwango cha magari yasiyoguswa wakati wa mavuno, mpe mwenye gari hati ya fidia siku hiyohiyo, na andika tarehe ya kulirudisha.

Bei elekezi zisizo na bidhaa nyuma yake huzaa ulanguzi. Sukari itavuka ziwa usiku kwa mitumbwi. Heri mgao wa vitu vichache, yaani unga, sabuni, mafuta ya taa na chumvi, unaotimizwa kila wiki.

Mpango wa kurudisha askari uraiani uanze vita ikiendelea. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979, lakini gharama ziliendelea, huku bei ya mafuta duniani ikipanda mwaka huohuo. Hazina itenge fungu la mishahara, usafiri na ukarabati wa barabara za Kagera kabla bajeti haijasomwa.