Kuunda lugha ya kubuni: anza na mama yake

Anayetaka lugha mpya kwa ajili ya riwaya, filamu au mchezo wa kompyuta kwa kawaida hufungua daftari na kuanza kupanga: maji ni hivi, moto ni vile, mama ni hivi. Akifika neno la mia mbili anakuwa na Kiswahili kilichovaa kanzu nyingine. Sarufi ni ileile, na kila neno lina maana zilezile za neno la Kiswahili lililolizaa. Watoto wanaozungumza kinyume uani wanafanya kitu hichohicho, ila wao hawadai kwamba wameunda lugha.

Njia inayofanya kazi ni kubuni kwanza lugha ya zamani, ndogo na iliyonyooka, kisha kuipitisha kwenye mabadiliko machache ya sauti. Lugha itakayotoka upande wa pili ndiyo watakayosema wahusika wako. Kazi inaongezeka kidogo, lakini kasoro ambazo usingeweza kuzibuni kwa makusudi zinajitokeza zenyewe.

Ushahidi unao mdomoni. Pika hutoa mpishi, iba hutoa mwizi, fuata hutoa mfuasi, linda hutoa mlinzi. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Hapo zamani irabu ya juu (hapa i) iliyofuata ilizisukuma konsonanti hizo hadi zikageuka, na jamaa zake ambazo hazikufuatwa na irabu hiyo zikabaki zilivyo. Tazama pia nunua na fungua: l iliyokuwa kabla ya a ya mwisho imemezwa, lakini ongeza kiambishi nayo inarudi, nunulia, funguliwa. Lugha yako ikikosa vitu vya namna hii, msomaji anahisi plastiki hata kama hajui isimu.

Sauti

Kwa lugha ya kwanza chukua konsonanti 12 hadi 20 na irabu tano. Mfumo wa irabu tano ndio unaoonekana mara nyingi zaidi duniani, ingawa si lazima uufuate. Kisukuma na Kinyamwezi vina saba. Kirotokas cha kisiwa cha Bougainville kinajitosheleza kwa sauti 11 tu, na Kitaa cha Botswana na Namibia kinavuka 100, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ni pana.

Cha kuzingatia ni kwamba sauti huja kwa safu. Ukiwa na vipasuo p, t, k, basi b, d, g zinakaa vizuri pembeni yake. Pengo moja kwenye safu linaruhusiwa, na likitokea mara nyingi ni p au g inayokosekana. Kiarabu, kwa mfano, hakina p. Kosa la wanaoanza ni kuokota sauti kumi ngeni kutoka pande zote kwa sababu zinasikika za ajabu. Sauti za kidoko, zile za kubamiza ulimi, zinawavutia wengi. Ukizitaka, sikiliza kwanza Kisandawe cha mkoani Dodoma au Kihadza cha karibu na Ziwa Eyasi. Huko kidoko hakisimami peke yake kama pambo: kuna aina kadhaa, kulingana na mahali ulimi unapogusa, na kila aina huja kwa namna kadhaa.

Baada ya sauti, amua umbo la silabi. Lugha ya zamani iwe rahisi kabisa: konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Na amua mapema namna ya kuandika, kwa herufi zilizopo kwenye simu ya kawaida. Alama ya ritifaa katika ng' ina kazi moja inayojulikana. Ritifaa zilizomwagwa katikati ya maneno ili yaonekane ya kigeni hazina kazi yoyote, na mwigizaji hatajua azisomeje.

Kuichakaza

Tuchukue mfano. Watu wa kubuniwa, Watelu, wanaishi kisiwa kisichokuwapo kwenye ramani, safari ya siku moja kwa jahazi kutoka Kigamboni. Kitelu cha zamani kina p t k b d g m n s l w y na irabu tano. Wingi unafanywa kwa kuongeza -mu mwishoni. Maneno matatu: sapaki ni wavu, lupata ni pweza, toki ni mwamba.

Sasa kanuni tatu, kwa mpangilio huu:

1. Neno lenye silabi tatu au zaidi linapoteza irabu ya mwisho.
2. k ikifuatwa na i inakuwa ch.
3. p, t, k zikiwa kati ya irabu mbili zinakuwa b, d, g.

Fuatilia wavu. Sapaki inapoteza irabu, inabaki sapak. Kanuni ya pili haina pa kushika kwa sababu i imeondoka. Ya tatu inageuza p, tunapata sabak. Wingi wake, sapakimu, unakuwa sapakim, kisha sapachim, kisha sabachim. Wavu sabak, nyavu sabachim. Pweza mmoja ni lubat, wengi ni lubadam. Mwamba, kwa kuwa una silabi mbili tu, unabaki na irabu yake: tochi, wingi tochim. (Ndiyo, tochi. Maneno mawili kufanana kwa bahati kati ya lugha mbili ni jambo la kawaida kabisa, liache.)

Kanuni tatu hadi sita zinatosha kwa lugha ya kwanza. Zikizidi kumi bila mazoezi, umoja na wingi vinaachana kiasi kwamba hata wewe huwezi kukumbuka, na utaanza kurekebisha kwa mkono, jambo linaloharibu kila kitu. Umbo la sasa lisiandikwe kamwe kwa kubuni. Litoke kwenye la zamani.

Kwa hiyo weka msamiati kwenye Excel. Safu A iwe umbo la zamani. Kwa kuwa silabi za Kitelu zote zina herufi mbili, silabi tatu ni herufi sita, na kanuni ya kwanza inaandikwa hivi kwenye B2:

=IF(LEN(A2)>=6,LEFT(A2,LEN(A2)-1),A2)

Ya pili, kwenye C2: =SUBSTITUTE(B2,"ki","chi"). Ya tatu inachosha kidogo, maana inahitaji SUBSTITUTE 14 zilizopandana, moja kwa kila muungano wa p, t, k na irabu (ki haipo tena, ndiyo maana si 15), na herufi ya kwanza ya neno iachwe nje. Kwa maneno chini ya mia mbili, fanya ya tatu kwa macho. Tumia herufi ndogo tupu, kwa sababu SUBSTITUTE inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

Sarufi

Hapa Mtanzania ana bahati ambayo wengi hawana. Nchini kuna lugha za Kibantu, za Kikushi, za Kiniloti, na hizo zenye vidoko, na kwa Dar es Salaam msemaji wa karibu yoyote kati ya hizo anapatikana bila kutoka nje ya jiji. Kiswahili kinaanza na kiima, kitenzi, halafu yambwa. Kimaasai kinaanza na kitenzi. Kiiraqw cha Mbulu kinaweka kitenzi mwishoni. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha misamiati ya lugha nyingi za nchini. Ukurasa mmoja wa kazi kama hizo unafundisha zaidi ya orodha ndefu ya vitu vya ajabu vya sayari nyingine.

Ukichagua mpangilio wa maneno, umeshachagua na mambo mengine. Mwaka 1963 mwanaisimu Joseph Greenberg alitoa orodha ya kaida 45 alizoziona katika lugha za dunia. Mbili zinakuhusu mara moja: lugha zinazoanza na kitenzi huweka kihusishi (neno kama kwenye) kabla ya nomino, na zile za kitenzi mwishoni kwa kawaida hukiweka baada yake, kama Kijapani na Kituruki. Unaweza kukiuka kaida ya pili, mradi ujue sababu.

Kitelu kinaanza na kitenzi, basi vihusishi vinatangulia na mwenye mali anafuata: sabak yana, wavu wa mzee.

Nyakati usizibuni hewani. Zitoe kwenye vitenzi kamili vilivyochoka. Kiambishi -ta- cha Kiswahili ni mabaki ya taka, na nimeshafika ni nimekwisha kufika iliyobanwa. Maneno yanayotumika mno hukatika kuliko kanuni zinavyoruhusu, na hilo ni sawa. Katika Kitelu cha zamani, sewa ni kuacha nyuma. Likiwekwa mbele ya kitenzi kingine lilimaanisha kwamba jambo limekwisha, na likapungua kuwa se-. Vuta ni nopu, ambalo leo ni nobu. Lakini se- iliungana na kitenzi kabla ya kanuni ya kwanza kupita, kwa hiyo senopu ilikuwa na silabi tatu na ikapoteza irabu: senop. Anavuta nobu, amevuta senop.

Senop yana sabak la tochi.
mesha-vuta / mzee / wavu / kwenye / mwamba
Mzee ameshavuta wavu mwambani.

Andika kila sentensi ya mfano kwa mistari mitatu hivyo. Bila mstari wa kati, baada ya miezi miwili hutajua ulimaanisha nini.

Ngeli ni kishawishi kikubwa kwetu. Ukiziweka, zisiwe M-WA na KI-VI zilizobadilishwa jina. Gawa kwa msingi mwingine, labda vitu vya majini na vya nchi kavu, kisha uache mapengo. Kijana na kiongozi vina umbo la KI-VI lakini tunasema kijana amefika. Kila mgawanyo halisi una wakaidi wake.

Kama unataka kitu ambacho Kiswahili hakina kwenye kitenzi, jaribu ushahidi: Kituruki husema geldi kwa aliyekuja na anayesema anajua, gelmiş kwa aliyekuja kwa kusikia au kukisia. Eti yetu inakaribia hapo, ila tunaweza kuiacha. Mturuki hawezi.

Maneno na maana zake

Mizizi 150 inatosha kuanzia. Orodha za maneno ya msingi ziitwazo za Morris Swadesh, ya 100 na ya 207, husaidia kukumbuka ulichosahau, lakini zilitengenezwa kulinganisha lugha, na anayezijaza moja baada ya nyingine anarudi kwenye kanzu ileile. Dawa ni kuzipanga maana upya. Mkono wa Kiswahili unaanzia begani hadi vidoleni. Watelu wanaweza kuukata kwenye kiwiko. Sisi tunatenga mjomba na baba mdogo. Wao waunganishe wawili hao na watenge kaka mkubwa. Kila kitenzi cha kawaida kipe kazi nne au tano zisizotabirika, kama piga inavyobeba simu, pasi, deki na picha.

Kwa rangi, tazama: -eupe, -eusi na -ekundu tu ndizo sifa kamili zinazobadilika na ngeli. Kijani ilitoka kwenye jani, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa. Brent Berlin na Paul Kay, mwaka 1969, walionyesha kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hizohizo tatu. Watelu wapewe tatu, nyingine watoe baharini.

Kisha waache wakope. Meza ilitoka kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, gari India, na sita, saba, tisa kwa Waarabu, huku fungate, neno la zamani la saba, likijificha harusini. La muhimu ni tarehe. Neno lililoingia Kitelu kabla ya kanuni linapitia zote: kitabu kinakuwa chidab. Lililoingia jana linabaki kitabu, na ki- yake inamtangaza kuwa mgeni. Sufuria, kwa lugha isiyo na f wala r, inakuwa supulia, na p yake kati ya irabu inakuambia kwamba haijakaa sana.

Kuijaribu

Usitafsiri shairi. Tafsiri mazungumzo ya Soko la Feri: salamu, bei, kukataa bei, tusi dogo, kuaga. Hapo ndipo utagundua huna namna ya kukanusha, au huna neno la "hapana" lenye adabu. Msomee rafiki sentensi kumi na umwombe aandike anachosikia. Akichanganya sauti mbili zilezile kila mara, ziunganishe au uziachanishe zaidi.

Ukitaka kijiji cha upande wa pili wa kisiwa kiseme tofauti, usitunge maneno mapya. Badili mpangilio wa kanuni: ya pili itangulie ya kwanza. Sapaki itakuwa sapachi, kisha sapach, kisha sabach. Wa upande huu wanasema sabak, wa ule wanasema sabach, na wingi wao wote ni sabachim, kwa hiyo wataelewana sokoni na kuchekana hapohapo.