Kabla ya kuandika "ini limevimba"

Bi mkubwa mmoja wa Wete alinijia Chake Chake na karatasi ya kipimo cha zamani: ini limevimba. Miezi miwili alikuwa hagusi nazi. Nilipoweka probu, kile kifaa cha ultrasaundi kinachogusishwa tumboni, ini zima kabisa, ila lina ulimi. Kwa wenzangu mnaoanza ultrasaundi, mimi hufuata njia hii.

1. Mgonjwa afunge saa sita hivi, ili mfuko wa nyongo ujae. (Ramadhani mchana hatuna shida hiyo.) Mlaze chali, kisha ubavu wa kushoto, avute pumzi aishike.

2. Tafuta mpaka wa kulia na kushoto. Usidanganywe na ule utepe unaolishikilia ini kwa mbele. Mpaka wenyewe ni mstari wa Cantlie, mstari wa kufikirika kutoka mfuko wa nyongo hadi vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Vile vipande 8 vya Couinaud, mgawanyo wa ini tunaoutumia, hufuata mishipa, havifuati umbo la nje.

3. Pima urefu kwenye mstari wa katikati ya mtulinga. Ukipita sentimita 16, usiandike bado. Shuka na probu taratibu hadi chini ya figo. Ukiona upande wa kulia umeteremka kama ulimi, ukingo wake mwembamba, mishipa ya ini inaingia ndani yake bila kukatika, na upande wa kushoto haukukua, hiyo ni lobu (sehemu ya ini) ya Riedel, daktari aliyeieleza mwaka 1888. Huonekana zaidi kwa wanawake. Ini lililovimba kweli mara nyingi hunenepa kote, na ukingo huwa butu.

4. Hamia kushoto. Hapa ndipo pa hatari, hasa msimu wa karafuu. Mtu kaanguka mkarafuuni, unaona utando mweusi umeizunguka bandama, unadhani damu. Huenda ni lobu ya kushoto ndefu iliyofika huko. Weka dopla, inayoonyesha damu ikitembea: damu iliyovilia haina mishipa, ini linayo. Kisha mwambie apumue, utaona ini na bandama vinateleza kila kimoja kivyake. Shaka ikibaki, mpeleke akapigwe sitiskani (CT scan). Usimrudishe nyumbani kwa kubahatisha.

5. Kinundu karibu na kichwa cha kongosho kifuatilie hadi juu kabla ya kukiita tezi ya limfu iliyovimba. Pengine ni ncha ya lobu ya kodeti tu, ile sehemu ndogo ya ini iliyo nyuma.

6. Andika umbo kwa jina lake, na uongeze "si ugonjwa", ili anayefuata asianze upya.

Bi mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Sasa mwanangu, nazi nile?"

"Kula, bibi."