Somo: Kumpeleka mtoto mchanga kwenye darasa la kuogelea la mzazi na mtoto

Kila wiki napokea ujumbe uleule. Dada, aanze na miezi mingapi? Chanjo je? Avae pampasi gani? Namjibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, na kuanzia leo nikiulizwa nitatuma hii.

Naandika kwa mabwawa yetu ya Dar, ya nje, yasiyo na mtambo wa kupasha maji moto.

Jambo moja kwanza, na naomba lisirukwe. Darasa hili halimfundishi mtoto wa miezi sita kujiokoa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema masomo ya kuogelea yanaweza kupunguza hatari ya kufa maji kuanzia umri wa mwaka mmoja. Chini ya hapo hakuna ushahidi wa hivyo. Mwanafunzi mkuu ni wewe mzazi: unajifunza kumshika mtoto anayeteleza, kumsoma uso, na kumzoesha maji bila hofu. Mwalimu akikuahidi kwamba mwanao hatazama tena, chukua mfuko wako uondoke.

Hatua ya 1: Umri. Madarasa mengi hupokea watoto kuanzia miezi minne hadi sita, shingo ikishakaza. Huna haja ya kungoja amalize chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Mtoto njiti, mwenye tatizo la moyo, degedege au vidonda vya ngozi, muulize daktari wa kliniki kwanza.

Hatua ya 2: Likague bwawa kabla ya kulipa. Nenda siku moja kabla, bila mtoto. Simama ukingoni utazame chini: lazima uone chujio la sakafuni waziwazi. Usipoliona, hapo hapafai. Kisha vuta pumzi. Wengi wanadhani harufu kali ya dawa ni dalili ya usafi, kumbe harufu ile hutokea klorini inapokutana na mkojo na jasho. Bwawa lililotunzwa halikuchomi pua. Omba kuona daftari la vipimo. Klorini iwe kati ya 1 na 3 kwa kipimo chao cha miligramu kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Mhudumu anayejua kazi yake atakuonyesha bila kununa. Uliza pia nani ni mwokoaji, na kama anakuwepo saa ya darasa lenu.

Hatua ya 3: Mfuko. Taulo mbili, kanga mbili kavu, kofia, nguo ya joto, mafuta, malapa yasiyoteleza, chupa au titi lako.

Hatua ya 4: Pampasi. Ya kawaida hunywa maji, ikavimba na kumvuta mtoto chini. Nunua ya kuogelea, ya kutupa au ya kitambaa cha kufua. Pitisha kidole kiunoni na mapajani: lastiki imbane bila kumkata. Ujue pia kwamba pampasi hii huzuia choo kigumu tu, haizuii mkojo wala kuhara. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani, na asirudi hadi zipite angalau saa 48 tangu kuhara kukome. Hospitali wakisema ni kimelea cha Cryptosporidium, ngoja wiki mbili, maana huyo huishi siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Na ubadilishie chooni, usibadilishie ukingoni.

Hatua ya 5: Baridi. Hapa sipiti haraka, kwa sababu ndipo madarasa mengi yanapoharibika, na wazazi huondoka wakisema "mwanangu hapendi maji". Mtoto hana ugomvi na maji, amepigwa na baridi. Mwili wake ni mdogo, na ngozi ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto linamtoka upesi kuliko linavyokutoka wewe. Wewe unasikia maji matamu, yeye anaganda.

Kipupwe kilichopita nilikuwa karibu na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ametulia kabisa begani. Watu wakamsifu: mtoto mpole huyu! Nikamgusa kisogo, kilikuwa baridi, na vidole vimekunjwa. Tukamfunua mdomo, fizi zilikuwa zimepoteza wekundu wake. Alitolewa, akafunikwa na kuwekwa kifuani kwa mama yake, na baada ya muda akaanza kulia kwa nguvu. Kile kilio tulikifurahia sote.

Kwa hiyo:

- Kwa aliye chini ya miezi sita, maji yawe karibu nyuzijoto 32. Mkubwa zaidi, 30 inatosha. Pima kwa kipimajoto cha maji ya kuogea. Kiwiko chako kinadanganya.
- Siku ya kwanza dakika 10. Wiki zinazofuata msizidi 20. Nusu saa ni ya aliyevuka mwaka.
- Akiwa majini, mabega yake yawe ndani ya maji. Upepo juu ya ngozi mbichi unampoza kuliko maji yenyewe.
- Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje kuona midomo imebadilika kwa nje. Tazama fizi, ndani ya mdomo na kucha.
- Akitetemeka, au akiwa kimya ghafla, mtoe. Usingoje wimbo uishe.

Juni hadi Agosti, kusi likivuma asubuhi, mimi simpeleki mtoto mdogo bwawa la nje. Miezi ya joto nenda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na aliye chini ya miezi sita awe kivulini muda wote.

Hatua ya 6: Kuingia. Usishuke ngazi umembeba. Mkabidhi mtu, shuka, simama imara, ndipo umpokee. Mshike kwapani mkiwa mnatazamana, uso wako uwe sawa na wake, maana anausoma uso wako. Maji yakufike kifuani, yasizidi. Mkizoeana, mlaze chali kichwa kikiwa begani kwako, shavu lako karibu na lake.

Hatua ya 7: Maji usoni. Tumia neno moja kila mara: jina lake, kisha "tayari", kisha mwagia kiganja kimoja cha maji kichwani. Baada ya vipindi kadhaa utamwona anafumba macho akisikia "tayari". Hapo ndipo anajifunza. Kumzamisha mtoto mzimamzima sikubaliani nako. Ni kweli kichanga hufunga koo akiguswa na maji usoni, lakini silika hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na haimzuii kumeza. Mtoto wa chini ya mwaka akimeza maji mengi, chumvi ya damu hushuka: analegea, anatapika, anaweza hata kupata degedege. Una haki ya kumwambia mwalimu hapana.

Hatua ya 8: Kutoka. Taulo kwanza, picha baadaye. Msuuze klorini, mkaushe mikunjo, mpake mafuta, mnyonyeshe. Masikio yafute kwa ncha ya taulo, usiingize kijiti cha pamba.

MASWALI

Mama Kijacho: Asante dada. Wangu ana wiki tano, naweza kuanza? Na pampasi ya kawaida inafaa?

*Jibu:* Umri ni hatua ya 1, pampasi ni hatua ya 4. Soma kwanza.

Baba Pili: Mimi sijui kuogelea hata kidogo. Nimwachie mke wangu, au naweza kuingia naye?

*Jibu:* Ingia, kaka. Darasa hili linafanyika ukiwa umesimama, miguu haitoki sakafuni. Mwambie mwalimu mapema kuwa hujui, akuweke upande wa kina kifupi karibu na ukingo. Tembea kwa kuburuza nyayo, usiinue miguu, na kabla darasa halijaanza muulize sakafu inaanzia wapi kuteremka. Ukiweza, jifunze na wewe. Baba anayejua kuogelea ni ulinzi wa miaka mingi kuliko darasa lolote la kichanga.

Mjukuu wa Temeke: Nimeona mtandaoni lile boya la kuvaa shingoni. Linaokoa mikono.

*Jibu:* Usinunue.

Mjukuu wa Temeke: Sababu? Mbona Wazungu wanatumia na watoto wao wazima?

*Jibu:* Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya maboya hayo kwa watoto wenye ulemavu au ukuaji wa kuchelewa, baada ya mmoja kufa na mwingine kuumia. Likipungua upepo, kichwa kinapenya. Na kama mikono yako imechoka, darasa limekwisha, mtoe mtoto. Maboya ya mikononi nayo ni hivyohivyo: yanakufanya ugeuze macho.

Ukhti Nungwi: Sisi tunaojisitiri tunafanyaje? Natamani sana lakini bwawa la mjini limejaa wanaume.

*Jibu:* Ukhti, swali zuri. Vazi la kuogelea la stara linafaa kabisa, lenye mikono na suruali inayobana vifundoni. Dera na baibui usiingie nayo: huelea, humfunika mtoto uso na kukuzonga miguu. Kuhusu wanaume, jikusanyeni kina mama kadhaa, muombe mwenye bwawa awape muda wa saa moja hivi, asubuhi ya siku isiyo na wateja, na mwalimu wa kike. Wenye mabwawa hupenda kulipwa saa ambazo bwawa limekaa tupu.

Shangazi Rehema: Akipaliwa na maji akakohoa, nitajuaje kama ni kitu kidogo au nikimbilie hospitali?

*Jibu:* Muinue wima, kichwa mbele kidogo, mwache akohoe. Akikohoa, akalia, akarudi kawaida, mpumzishe na muishie hapo kwa siku hiyo. Baada ya hapo mwangalie saa kadhaa. Kikohozi kisichoisha, kupumua haraka au mbavu kubonyea, usingizi usio wa kawaida, kutapika mara kwa mara: hospitali, usiku au mchana.

Mzee wa Kigamboni: Zamani aliyezama alining'inizwa kichwa chini, maji yamtoke.

*Jibu:* Shikamoo mzee. Wengi tulilelewa tukiona hivyo, lakini kunapoteza dakika ambazo hazirudi, na kumminya tumbo kunaleta matapishi yakamzibe. Asiyepumua anahitaji pumzi: mlaze chali, kichwa kikae sawa, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, pulizia taratibu mpaka kifua kinyanyuke. Ndipo mkandamize kifua, huku mwingine akitafuta msaada. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, nendeni mkajifunze kwa mikono.

Dogo Janja: Kwa hiyo akishamaliza hilo darasa naweza kumwacha kwenye beseni nikapokea simu?

*Jibu:* Hapana. Rudi pale juu, kabla ya hatua ya 1.

Mama Kijacho: Nimesoma sasa, samahani. Ila umenitisha na beseni. Kwetu maji yanatoka mara mbili kwa wiki, ndoo zimejaa nyumba nzima.

*Jibu:* Usijali, mama, na hongera. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano, na si wote waliokuwa baharini au bwawani. Mtoto anayetambaa akiinama kwenye ndoo, kichwa ni kizito, hawezi kujirudisha. Ndoo ziweke chumba kinachofungwa kwa komeo la juu. Pipa lipate mfuniko wa kukaza. Sinia juu yake halitoshi, atalisukuma. Beseni la kufulia mwaga maji ukimaliza nguo ya mwisho, kabla hujaenda kuanika.