Kuwasha SSH kwenye swichi ya Cisco bila kujifungia nje

Swichi ikitoka kiwandani haina anwani wala nywila, kwa hiyo mara ya kwanza utaifuata mwenyewe na kebo ya konsoli, kasi 9600. Tunachotaka ni usiifuate tena. Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, mimi siiwashi hata kwa majaribio: nywila inapita wazi kwenye waya, mwenye Wireshark (programu ya kunasa yanayopita mtandaoni) njiani anaisoma kama tangazo la ukutani. SSH, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa njia iliyosimbwa, yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1995 Tatu Ylönen aliiandika huko Ufini baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake.

Tuanze na anwani:

```
conf t
vlan 99
interface vlan 99
 ip address 192.168.99.2 255.255.255.0
 no shutdown
ip default-gateway 192.168.99.1
```

Huo mstari wa mwisho ndio watu huuruka. Bila huo, swichi inamjibu aliye mtandao uleule, ila wewe uliye ng'ambo ya ruta huipati, na utaishia kuisingizia fayawoli. Kumbuka pia kwamba VLAN 99 (mtandao pepe ndani ya swichi) haiamki mpaka ipate walau poti moja hai inayoibeba.

```
hostname SW-GHALA
ip domain-name mtandao.local
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
username msimamizi privilege 15 secret NywilaNdefu
```

Jina na domeni vinatangulia kwa sababu ufunguo unaitwa kwa majina hayo. Ukiacha jina la kiwandani, swichi inagoma kuutengeneza. Ikidai haiijui `crypto`, tazama `show version`: jina la faili la IOS, mfumo endeshi wa swichi, linatakiwa liwe na k9, alama ya usimbaji. Na uandike `secret`, si `password`. Ile aina ya 7 ya `password`, inayoonekana imefichwa, inafumbuliwa kwa sekunde chache.

Sasa mlango wenyewe. Kwenye ACL, orodha ya anwani zinazoruhusiwa, weka mtandao ambao kompyuta yako imekaa, wangu ni 192.168.50.0:

```
access-list 10 permit 192.168.50.0 0.0.0.255
line vty 0 15
 login local
 transport input ssh
 access-class 10 in
 exec-timeout 10 0
```

Hapa tuliza macho. Laini za vty, yaani nafasi za kuingilia kwa mbali, ziko 16, lakini `show run` huzionyesha kwa mafungu mawili, `0 4` na `5 15`. Nimeshakagua swichi ambazo fungu la kwanza limefungwa barabara huku la pili bado linapokea Telnet, na aliyezifunga analala usingizi mnono. Soma yote mawili.

Konsoli usiichomoe bado. Fungua dirisha jingine ujaribu `ssh msimamizi@192.168.99.2`. Kwa swichi ya zamani huenda ukaambiwa `no matching host key type found`. OpenSSH, programu ya SSH ya kompyuta yako, tangu toleo la 8.8 la 2021 haikubali ssh-rsa, aina ya zamani ya saini, bila kuombwa. Ongeza `-oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa`, kisha panga kuisasisha hiyo IOS. Ukishaingia, `show ip ssh` iseme 2.0. Ikisema 1.99, toleo la kwanza bado linapokelewa. Ikikaa sawa, `write memory`.

Siku ukibadilisha ACL ukiwa mbali, kabla ya kugusa chochote andika `reload in 10`. Ukijikata mwenyewe, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na usanidi uliohifadhiwa. Ikikuuliza kama ihifadhi mabadiliko, basi yapo ya awali ambayo hayajahifadhiwa; jibu `no`, maana ukisema `yes` nayo yatarudi swichi ikijiwasha. Badilisha ACL, kisha jaribu kuingia kwa dirisha jipya, si lile lililokuwa wazi, kwa sababu ACL ya vty haikati aliyekwisha kuingia. Likikubali, `reload cancel`, halafu `write memory`.