Kutofautisha Sharti la Lazima na Mazoea katika Maswali ya Hoja

Vijana ninaowaandaa kwa usaili hapa Mbeya huangushwa zaidi na swali linaloonekana jepesi kuliko yote: "Daraja lazima liwe na nini: nguzo, mjenzi, mto, au pengo linalovukwa?" Wengi huchagua mjenzi, kwa sababu kila daraja walilowahi kulipita lilijengwa na mtu.

Hatua ya kwanza ni kulisoma vizuri neno "lazima". Swali haliulizi kinachoonekana mara nyingi, bali kile ambacho kikikosekana, jambo lenyewe halipo.

Hatua ya pili, tunga sentensi mbili kwa kila jibu. Sema, "Daraja huwa na nguzo," kisha sema, "Hakuna daraja pasipo nguzo." Ya kwanza inapita bila shida, lakini katika ya pili ulimi unasita, na kusita huko ndiko ninakotaka ukuzingatie. Kiambishi hu- hueleza mazoea, nayo mazoea huvumilia visa vichache visivyoyafuata, ilhali "hakuna pasipo" haivumilii hata kimoja.

Hatua ya tatu ni kukitafuta kisa hicho kimoja, na hapa usiwe na haraka. Kule Rungwe, juu ya Mto Kiwira, lipo Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba uliotokana na volkano wala halikujengwa na fundi yeyote. Akitokea wa kusema kwamba hilo ni daraja kwa jina tu, mwoneshe gogo lililoangushwa na upepo juu ya kijito, ambalo watu hulivukia kila siku: halina mjenzi, halina nguzo. Mto nao unaondoka ukikumbuka daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara. Sasa liondoe pengo: gogo lililolala juu ya ardhi tambarare ni gogo tu. Jibu ni pengo.

Hatua ya nne, usiligeuze sharti. Mkulima wa viazi wa Njombe anajua kwamba umande haugandi shambani pasipo baridi kali. Lakini anajua pia kwamba usiku wa baridi kali wenye upepo au mawingu unaweza kupita, majani yakabaki salama. Kwa hiyo anayeona umande umeganda na kusema kulikuwa na baridi kali amepata, na anayesikia baridi kali na kusema lazima umande umeganda amekosa.