Namna ya Kuchagua Chaki ya Fimbo ya Pool

Wachezaji wengi huokota chaki yoyote iliyolala ukingoni mwa meza, wakaizungusha mara mbili juu ya fimbo, wakapiga. Mpira mweupe ukikataa kurudi nyuma, lawama inaiangukia fimbo, au mkono. Mimi nawafundisha watu pool, na kabla sijamruhusu mtu kutumia fedha zake kwenye fimbo mpya namtaka kwanza ajue chaki yake inafanya nini. Ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachoamua utapiga mbali kiasi gani na katikati ya mpira bila kuteleza.

Elewa kazi yake kwanza. Mpira wa pool umetengenezwa kwa resini ngumu na unateleza. Ncha ya fimbo ni ngozi. Ukipiga katikati kabisa hata ngozi kavu itakubeba, ila ukisogea pembeni, juu au chini ili kuupa mpira mzunguko, ngozi inahitaji kitu cha kuushika mpira. Mpira una kipenyo cha milimita 57, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni kama milimita 28.5. Kwa chaki nzuri, mwisho wa usalama ni takriban nusu ya umbali huo, yaani milimita 14 hivi. Ukivuka hapo fimbo inateleza, hata uwe fundi. Chaki mbaya inaurudisha mpaka huo karibu zaidi na katikati, na ubaya wake hutaujua mpaka siku unapouhitaji mzunguko kweli.

Chaki ya ubaoni haifai. Hiyo ni unga laini usio na meno. Chaki ya fimbo tunayoijua leo ilipewa hataza Marekani mwaka 1897, kazi ya William Spinks, mchezaji wa biliadi, na mkemia William Hoskins. Walichanganya silika na madini magumu yenye chembe za kukwaruza, na chembe hizo ndizo zinazouma mpira.

Hatua ya 1: Tengeneza ncha kabla ya kuhukumu chaki

Itazame ngozi kwenye mwanga. Iking'aa, imeshindiliwa na haitashika chaki ya aina yoyote. Ipitishie msasa laini kidogo tu, mpaka mng'ao uondoke na uso uwe na vinyweleo. Kisha angalia umbo lake kutoka pembeni: liwe na mviringo kama ukingo wa sarafu ndogo. Ncha iliyolala bapa hugusa mpira kwa kona yake, na kona hiyo ndiyo sehemu ambayo chaki huwa imeanguka. Usiruke hatua hii, maana majaribio yote yanayofuata yatakudanganya.

Hatua ya 2: Ikague chaki kwa macho na kidole

Pitisha kidole juu yake. Inatakiwa iache unga mwembamba, mkavu, uliosambaa sawasawa. Ikiacha mabonge, au uso wake ukiwa mgumu na unaoteleza, huenda imenyonya unyevu au imekaa vibaya. Kama ni ya kushirikiana na katikati yake kuna shimo refu, iache hapo hapo.

Hatua ya 3: Jaribu mshiko kwa mpira wa mstari

Jaribio hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa cha ziada. Chukua mpira wa mstari, tuseme namba 9, uufute uwe safi, uuweke mahali ambapo ungeweka mweupe. Ugeuze mpaka mstari ulale sambamba na meza. Kwenye seti nyingi upana wa mstari ni karibu nusu ya kipenyo cha mpira, hivyo ukingo wake wa chini unakuonyesha mpaka wa kuteleza ulipo.

Paka chaki mara moja. Laza fimbo kadiri unavyoweza, lenga juu kidogo ya ukingo wa chini wa mstari, piga kwa nguvu ya wastani. Sasa uokote mpira na utafute nukta ya chaki. Nukta ndogo ya mviringo, yenye kingo safi, maana yake ncha imeuma. Nukta iliyovutika ikawa mkwaruzo maana yake ncha imeteleza, hata kama sikio lako halikusikia kitu. Utaona pia kwamba nukta imekaa juu kidogo ya pale ulipolenga. Hiyo ni kawaida: ncha ni ya mviringo, na unapopiga chini ya katikati inagusa mpira kwa upande wake wa juu.

Ufute mpira, urudishe, piga tena bila kupaka chaki upya. Endelea hivyo mpaka mkwaruzo wa kwanza utokee. Rudia yote kwa chaki nyingine, fimbo ile ile na nguvu ile ile. Tofauti utaiona mwenyewe: chaki moja inachoka pigo la pili, nyingine inakubeba mapigo kadhaa. Usiinue mkono wa nyuma ukitafuta kwenda chini zaidi, utachana kitambaa.

Hatua ya 4: Jaribu uchafu wake

Hapa ndipo wengi hawafiki. Ufute mweupe mpaka usiwe na alama, cheza mchezo mmoja, kisha uutazame chini ya taa. Nukta chache za unga unaotoka kwa mfuto mmoja hazina neno. Madoa yanayogoma, ambayo lazima uyasugue, ni tatizo, na nitaeleza kwa nini.

Mweupe na mpira unaolengwa hugusana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kawaida miili yao inateleza kidogo na kila mmoja unaenda njia yake. Doa la chaki likitokea kuwa pale pale wanapogusana, msuguano unapanda ghafla, na mpira uliolengwa unaburutwa kuelekea upande mweupe ulikokuwa ukienda. Pigo lako la pembe lilikuwa sahihi, lakini mpira unagonga mdomo wa shimo. Wachezaji wa snuka, mchezo ndugu wa pool, wanaliogopa jambo hili sana, na ndiyo sababu chaki za Taom kutoka Ufini, zinazosifika kwa kuacha alama chache, zimependwa na wengi wao. Kamui ya Japani inajulikana zaidi kwa mshiko mkali. Master na Triangle ni za siku nyingi, zinapatikana kirahisi, zinaacha unga, na zinafanya kazi ipasavyo ukiwa na tabia ya kupaka kila pigo.

Msimamo wangu: kama bado unajifunza, chagua chaki safi kuliko chaki yenye mshiko mkali. Mapigo yako mengi yako karibu na katikati, na mshiko wa ziada hutautumia, ila kila doa kwenye mweupe litakusumbua. Anayeishi kwa mizunguko mikubwa ana haki ya kuchagua kinyume.

Hatua ya 5: Rangi

Chagua inayofanana na kitambaa cha meza unayoichezea zaidi. Rangi haina uhusiano na mshiko. Inahusu tu unga utakaobaki kwenye kitambaa.

Hatua ya 6: Baki na moja, na uipake ipasavyo

Ukishaamua, nunua mbili tatu za aina hiyo hiyo na uache kuonja nyingine kila wiki, kwa sababu mkono unazoea tabia ya chaki. Paka kabla ya kila pigo, kwa miguso mepesi inayopita juu ya ngozi kama mtu apakaye rangi kucha, huku ukigeuza fimbo kidogo kidogo ili kingo nazo zipate. Kisha itazame ncha: pasiwe na doa tupu. Kuisimamisha chaki juu ya fimbo na kuikoroga kunachimba shimo katikati na kuacha kingo za ncha bila kitu.

Iweke uso ukiangalia juu, ili unga usimwagike kwenye mbao za meza na kuhamia mikononi. Isikae mahali penye unyevu. Na shimo likizama mpaka kuta za chaki zianze kukwaruza ile pete nyeupe iliyo chini ya ngozi, itupe na ufungue mpya.