Tusirine majana: harufu ya malkia na afya ya kundi la nyuki

Mrinaji anayekata masega yote mpaka yale yenye majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, hupoteza mengi kuliko mabuu anayoyaona, kwa kuwa huondoa pia harufu inayotawala ubongo na uzazi wa nyuki vibarua wanaobaki mzingani.

Malkia hutoa feromoni, yaani kemikali yenye harufu inayopeleka ujumbe kwa nyuki wengine, kwenye tezi za taya zake, na vibarua wanaomlamba huisambaza kwa wenzao. Feromoni hiyo hushusha dopamini, kemikali ya ubongo, katika kibarua mchanga na kuzuia ovari zake, yaani viungo vya kutengeneza mayai, zisikomae, huku harufu ya majana ikisaidia kazi hiyo hiyo. Linalowashangaza wafugaji wengi ni kwamba homoni ya ujana, ambayo kwa wadudu wengi huchochea utagaji, kwa kibarua wa nyuki wa asali huharakisha kutoka kwake kwenda porini. Kibarua mlezi ana protini nyingi iitwayo vitelojenini, inayomwezesha kutengeneza chakula cha mabuu na kuizuia homoni hiyo isipande. Afikapo takriban wiki 3 protini hupungua, homoni hupanda, naye huanza kufuata mbochi (maji matamu ya maua) na chavua.

Malkia akipondwa wakati wa kurina, vibarua hulea mwingine kutokana na buu lisilozidi siku 3. Kama majana yote yalikatwa, hakuna buu la kulea, na baada ya wiki chache ovari za baadhi ya vibarua hukomaa, nao hutaga. Kwa kuwa hawajapandwa na madume, mayai yao hutoa madume tu, na kundi hupungua hadi kufa.

Ili kujua kama anayetaga ni malkia au kibarua, inua sega, mwanga ukitoka nyuma ya bega lako, kisha tazama chini kabisa ya vyumba. Yai la malkia ni moja, limesimama katikati ya sakafu kama kipande cha uzi mweupe. Kibarua, ambaye tumbo lake ni fupi, huacha mawili, matatu au zaidi, mengine yakiwa yamenata ukutani. Malkia aliyeanza kutaga karibuni naye huweza kuweka mayai 2 katika chumba kimoja, kwa hiyo kagua tena baada ya wiki moja kabla ya kuamua.

Kundi ambalo vibarua wake wanataga lipewe sega lenye mayai na mabuu machanga kutoka mzinga wenye nguvu, bila kumbeba malkia wa huko, na lipewe sega jingine kila wiki hadi vibarua wajenge chumba cha malkia. Ni kazi ngumu na mara nyingi hushindikana, ndiyo maana nasisitiza kinga. Katika mzinga wa viunzi vya juu, ambamo masega huning'inia kwenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu, majana kwa kawaida huwa karibu na mlango na asali upande wa mbali. Anzia huko mbali, kata masega ya asali iliyofunikwa tu, na simama mara uonapo sega la kwanza lenye majana.